Jibu: 50mm kwa picha ya ukoo sebuleni

Mkuu, umeuliza kama lenzi ya 50mm f/1.8 itatosha kwa watu ishirini sebuleni hapo Chikongola. Iache kwenye begi. Kamera yako ni ya APS-C, yaani sensa yake ni ndogo kuliko ya fremu nzima, kwa hiyo 50 inaona eneo finyu kama 80. Utarudi nyuma mpaka ugonge kabati la vyombo na bado shangazi wa pembeni kakatwa bega. Tumia ile lenzi ya 18-55 iliyokuja na kamera. Usishuke mpaka 18 labda ubanwe kabisa, maana walioko pembeni hutanuka mabega, na lawama zote ni zako. Anzia 24. Watoto chini, wazee kwenye kochi, vijana nyuma.

Hiyo f/1.8, yaani tundu la lenzi lililofunguka sana, ndiyo inayowaponza wengi: wazee wanatoka vizuri, waliosimama nyuma wana ukungu. Weka f/5.6 (tundu dogo zaidi), shata (muda wa kupokea mwanga) 1/100 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 1600, fokasi kwenye macho ya waliokaa. Kwa nini 1/100? Umeme wetu ni wa 50Hz, taa hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukiongeza kasi, baadhi ya taa za LED zitakuachia michirizi ya giza.

Flashi ielekeze darini kama ni jipsamu nyeupe. Kama ni mbao au mabati matupu, sahau: fungua mapazia, zima taa ili rangi mbili, ya mwanga wa dirishani na ya taa, zisigombane usoni, pandisha ISO hadi 3200. Chengachenga kidogo za ISO kubwa ni afadhali kuliko picha iliyotikisika.

Na piga tano sita mfululizo, lazima kuna mtu atafumba macho.