Hesabuni wiki kwanza: kwa wauguzi na wakunga wapya watakaomhudumia mjamzito mwenye saratani ya titi

Wadogo zangu mnaoanza kazi katika wodi ya wazazi au kliniki ya saratani, siku mtakapompokea mjamzito ambaye maabara imethibitisha kwamba ana saratani ya titi, mtasikia maneno mawili kabla hata faili halijafunguliwa. Ndugu mmoja atasema mimba itolewe ili mama apone, na mwingine atasema matibabu yasubiri hadi ajifungue. Mwaka wangu wa kwanza nami niliamini kwamba hakuna njia ya tatu. Ukweli ni kwamba kutoa mimba peke yake hakujaonekana kumwongezea mama nafasi ya kupona, ilhali kusubiri miezi mingi kunaupa ugonjwa muda wa kusambaa. Wapo wanaogundulika mwanzoni kabisa mwa mimba huku ugonjwa ukiwa umekwenda mbali, na hao wana uamuzi mzito ambao ni wao wenyewe kuufanya baada ya kuelezwa kila kitu. Lakini kwa walio wengi matibabu na mimba huenda pamoja, mradi wiki zimehesabiwa sawasawa.

Ugonjwa huu hukadiriwa kutokea mara 1 katika kila mimba 3,000 hivi, kwa hiyo mkunga anaweza kufanya kazi miaka kadhaa bila kukutana nao, na hapo ndipo tunapokosea. Mama mmoja niliyemhudumia alikuwa ameambiwa kwa miezi minne, katika kliniki aliyokuwa akihudhuria, kwamba uvimbe wake ni maziwa yanayojikusanya. Titi la mjamzito hujaa na kuwa na mabonge, hilo ni kweli, lakini uvimbe usioondoka kwa wiki mbili upelekwe kwenye utrasaundi, na ukitiliwa shaka uchukuliwe kipande kidogo cha nyama kwa sindano nene, kipimo ambacho hakimdhuru mtoto. Kwenye fomu ya maabara andikeni kwa herufi kubwa kwamba mgonjwa ni mjamzito, maana mabadiliko ya titi linalojiandaa kunyonyesha yanaweza kumpotosha anayesoma seli.

Sasa hesabu yenyewe. Viungo vya mtoto huumbika katika miezi mitatu ya kwanza, na ndiyo sababu dawa za kemo hazitolewi kipindi hicho. Huanza baada ya hapo, kwa kawaida kuanzia wiki ya 14. Upande wa pili, dozi ya mwisho inatakiwa iwe imepita wiki tatu hivi kabla ya kujifungua, ili chembe za damu za mama na za mtoto, ambazo kemo huzipunguza, zipate kurudi, na kwa sababu hiyo dawa husimamishwa ifikapo wiki ya 35 kwa kuwa uchungu unaweza kuanza wakati wowote. Chukueni mama aliyegundulika katika wiki ya 16 na kufanyiwa upasuaji wiki ya 17, kwani upasuaji unaweza kufanyika katika hatua yoyote ya mimba. Kidonda kikipona, akaanza kemo wiki ya 20 kwa dozi ya kila wiki tatu, atapata dozi za wiki ya 20, 23, 26, 29 na 32. Ya wiki ya 35 haitolewi, na zinazobaki husubiri baada ya kujifungua.

Lakini hesabu hii yote inasimama juu ya umri wa mimba, na akina mama wengi kwetu hufika kliniki wakiwa wamechelewa, hawakumbuki tarehe ya hedhi ya mwisho. Utrasaundi ya miezi mitatu ya kwanza hukosea kwa siku chache tu. Ya miezi ya mwisho inaweza kukosea kwa wiki mbili hadi tatu, yaani muda wa dozi nzima. Kama mama ana karatasi ya utrasaundi ya mwanzo iliyobaki nyumbani kijijini, mpigieni simu ndugu yake aitafute na kuipiga picha. Kuliko mashine yoyote ya wodini, karatasi kama hiyo ndiyo iliyowahi kutuokoa.

Kuhusu dawa, jueni zile ambazo hazina nafasi wakati wa mimba: trastuzumabu, ambayo hupunguza maji yanayomzunguka mtoto, tamoksifeni, na methotreksati. Mionzi nayo huahirishwa. Doksorubisini na siklofosfamidi ndizo zilizotumika zaidi, na kipimo chake hufuata uzito wa mama wa siku hiyo, hivyo mpimeni kila anapokuja. Angalieni pia fomu za dawa zilizochapishwa tayari: deksamethasoni ya kuzuia kutapika imo karibu kila fomu, ilhali kwa mjamzito anayerudia dozi mara nyingi ni afadhali haidrokotisoni au predinisoloni, kwa kuwa kondo la nyuma huzivunja nyingi kabla hazijamfikia mtoto.

Hofu kubwa ya familia ni akili ya mtoto. Utafiti ulioongozwa na Frédéric Amant wa Ubelgiji na kuchapishwa mwaka 2015 uliwalinganisha watoto 129 ambao mama zao walikuwa na saratani wakati wa mimba, 96 kati yao wakiwa wamefikiwa na kemo tumboni, na watoto wengine 129, na haukuona tofauti katika ukuaji wa akili wala moyo. Kilichoendana na kubaki nyuma kiakili, katika makundi yote mawili, kilikuwa kuzaliwa kabla ya wakati. Kwa hiyo daktari anapopendekeza kumzalisha mama wiki ya 32 ili kemo iendelee kwa uhuru, ulizeni kwa adabu kama kuna sababu nyingine, kwa maana lengo ni kufika wiki ya 37.

Mtoto akizaliwa, apimwe uzito na picha kamili ya damu, na dalili za maambukizi zifuatiliwe kwa makini. Mama atakayeendelea na kemo asinyonyeshe, kwa sababu dawa hupita katika maziwa. Mfundisheni mapema, pamoja na bibi wa mtoto, kulisha kwa kikombe na kuchemsha maji, wala asiyasikie kwa mara ya kwanza titi likiwa limejaa. Kondo la nyuma lisitupwe: lipelekwe maabara likakaguliwe kama lina seli za saratani, jambo la nadra sana. Na kabla hajaruhusiwa, tarehe ya dozi inayofuata iwe imeandikwa kwenye kadi yake, pamoja na jina la atakayebaki na mtoto siku za mionzi katika hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza.