Maumivu yameisha, ganzi imebaki: wasomaji wa Kigoma wanauliza

Barua za safari hii zinatoka mkoa wa Kigoma, na zote zinahusu ganzi ya mikono au miguu baada ya upasuaji wa uti wa mgongo.

Mimi ni mama wa miaka 58, Ujiji. Nilipasuliwa diski ya kiunoni Dar es Salaam, sasa ni mwezi wa nne. Maumivu yaliyokuwa yakishuka mguuni yameisha, namshukuru Mungu. Lakini kidole gumba cha mguu wa kushoto na sehemu ya juu ya mguu vimekufa ganzi, hata nikijifinya sisikii. Je, upasuaji ulikosewa? Jirani ananishauri nikande kwa maji ya moto na nichanjwe chale.

Shikamoo mama. Ganzi kuwepo mwezi wa nne si ushahidi kwamba upasuaji ulikosewa. Daktari aliondoa sehemu ya diski (mto laini ulio kati ya pingili za mgongo) iliyokuwa ikiubana mzizi wa neva, yaani pale neva inapotokea mgongoni. Kupona ni kazi ya neva yenyewe, na ina utaratibu wake. Mara nyingi maumivu ndiyo hutangulia kuondoka, nguvu za misuli hufuata, hisia huja mwisho. Neva iliyobanwa tu bila kukatika nyuzi zake za ndani huweza kurudi ndani ya wiki chache hadi miezi mitatu. Zile nyuzi zilizokufa hulazimika kuota upya, na huota kwa takriban milimita 1 kwa siku. Kutoka kiunoni hadi kidole gumba ni karibu mita nzima, kwa hiyo vidole vya mguu ndivyo vya mwisho kupata habari. Sehemu kubwa ya nafuu huonekana ndani ya mwaka wa kwanza. Ganzi iliyobaki baada ya miaka miwili mara nyingi haiishi kabisa, na neva iliyobanwa muda mrefu kabla ya upasuaji ina nafasi ndogo zaidi.

Kidole gumba na juu ya mguu ni eneo la mzizi wa tano wa kiunoni, unaoandikwa L5 kwenye karatasi zako. Ukingo wa nje wa mguu, kidole kidogo na kisigino ni S1. Angalia kama karatasi ya kuruhusiwa inataja mzizi huohuo. Kama ganzi iko mahali pengine kabisa, mwambie daktari. Kwa mfano, ganzi ya upande wa nje wa paja mara nyingi hutokana na kulazwa kifudifudi muda mrefu wakati wa upasuaji, neva ya nyonga ikakandamizwa, na nyingi huisha zenyewe ndani ya wiki au miezi michache.

Ili ujue kama unapona, usitegemee kumbukumbu. Chukua kalamu ya wino, funga macho, na mtu apitishe pamba taratibu kutoka vidoleni kuelekea kifundo. Pale unapoanza kuisikia, atie alama. Unganisheni alama, mpige picha kwa simu, mrudie kila mwezi. Mpaka huo wa ganzi ukisogea kuelekea vidoleni, hata kwa sentimita moja, neva inafanya kazi. Kuchomwachomwa kama sindano, au kuhisi sisimizi wakitembea pale palipokuwa kimya, mara nyingi ni habari njema.

Maji ya moto, hapana. Ngozi isiyosikia inaungua huku umekaa kwa raha zako, na malengelenge unayaona kesho yake. Maji ya kuoga yapime kwa kiwiko au kwa mguu usio na ganzi. Kaa mbali na jiko la mkaa, na ukipanda bodaboda angalia mguu huo usiguse ekzosi. Chale nazo hazifiki kwenye mzizi ulioumia. Zinaacha vidonda kwenye mguu usiojua kulalamika, na wembe wa kushirikiana huambukiza Virusi vya Ukimwi na homa ya ini.

Kila jioni kagua unyayo kwa kioo, na katikati ya vidole pia: mwiba, ufa, wekundu, lengelenge. Kabla ya kuvaa kiatu, ingiza mkono utoe kokoto. Malapa yanachomoka bila wewe kujua, na ndivyo watu wanavyojikwaa. Vaa kiatu au kandambili yenye mkanda wa nyuma. Usiku washa taa kabla ya kushuka kitandani, maana mguu wenye ganzi hutegemea macho kujua ulipokanyaga.

Mara mbili kwa siku, dakika 5 hadi 10, sugua eneo hilo kwa vitu tofauti: pamba, khanga, dodoki laini, mswaki. Kwanza ukiangalia, kisha macho yamefungwa, ukijaribu kutambua ni kipi. Ubongo unajifunza upya kusoma taarifa hafifu. Usisugue hadi ngozi ichubuke.

Ni mkulima wa Kasulu, miaka 41, wiki ya saba baada ya upasuaji wa kiuno. Nina kisukari, natumia metformini. Nilipewa gabapentini, na dukani nimeongeza vitamini B. Mbona ganzi haipungui? Na jembe nianze lini?

Ndugu yetu, gabapentini hutuliza maumivu ya neva, yale ya kuungua na kupigwa shoti. Hairudishi hisia. Kama huna maumivu hayo, zungumza na daktari kuhusu kuipunguza polepole, usiikatishe ghafla.

Kama vitamini B haijapungua mwilini, kuiongeza hakuharakishi neva kuota. Tena vitamini B6 ikizidi kwa muda mrefu, hasa kuanzia miligramu 200 kwa siku, yenyewe husababisha ganzi ya miguu na mikono. Soma kopo, na jumlisha kila kidonge unachomeza. Lakini wewe una sababu ya kupima B12, kwa kuwa metformini ya miaka mingi huipunguza. Kisukari nacho huleta ganzi ya miguu yote miwili kwa usawa, kuanzia vidoleni. Ganzi ya mguu mmoja kwenye mstari wa mzizi mmoja inaelekeza mgongoni. Anayetumia dawa za TB ya uti wa mgongo aulize kuhusu pairidoksini (ndiyo vitamini B6), maana mojawapo ya dawa hizo, isoniazidi, huimaliza B6. Na baka la ngozi lisilosikia, lililopauka au jekundu, lipelekwe kituo cha afya kuchunguzwa ukoma; dawa zake ni bure.

Jembe linakutaka uiname na kujizungusha huku ukitumia nguvu, ndiyo hasa miondoko inayosukuma diski. Wengi huhitaji takriban miezi mitatu kabla ya kazi nzito, na ruhusa itoke kwa aliyekupasua. Katika wiki sita za mwanzo kipimo kizuri cha mzigo ni dumu la lita 5. Ndoo iliyojaa ya lita 20 ni kilo 20. Tembea dakika 10 mara tatu kwa siku, ukiongeza kidogo kila wiki.

Fundi cherehani, Mwanga. Nilipasuliwa shingo, vidole vinaangusha sindano.

Ganzi ya kidole gumba huelekeza mzizi wa neva ya shingo unaoandikwa C6, cha kati C7, kidogo C8. Chambua maharage na mahindi yaliyochanganywa kwenye sahani, funga na kufungua vifungo, dakika 10 mara tatu kwa siku. Cherehani endesha ukiangalia vidole muda wote. Kama uliobanwa ni uti wenyewe, lengo la kwanza la upasuaji lilikuwa kuzuia hali isizidi. Nafuu nyingi huja miezi sita ya mwanzo. Mikono ikizidi kuwa mizito, au miguu ikaanza kukakamaa na kuyumba, nenda hospitali usisubiri kliniki.

Baba alipasuliwa kiuno wiki tatu zilizopita. Tangu jana ganzi imeingia sehemu za siri na makalio, na mkojo hautoki vizuri. Kliniki yake ni wiki ijayo. Tusubiri?

Huyu alijibiwa kabla gazeti halijachapwa: msisubiri, nendeni leo. Ganzi ya eneo linalokalia tandiko, pamoja na mkojo kuziba au choo kutoka bila kujua, maana yake mizizi ya mwisho wa uti inabanwa, pengine na damu iliyoganda au diski iliyotoka tena. Kila saa ina thamani. Kibofu kikichelewa huenda kisirudi. Vivyo hivyo mguu unaopoteza nguvu ghafla, homa na kidonda kinachotoa usaha, au maumivu mapya makali ya mgongo.

Mpelekeni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, kwa gari, amelala, si kwa bodaboda. Mapokezi semeni wazi: "Amepasuliwa mgongo, ana ganzi sehemu za siri, na hakojoi," na mtaje saa ya mkojo wa mwisho. Bebeni karatasi ya kuruhusiwa, picha za MRI, namba ya wodi aliyopasuliwa, na dawa zote anazomeza. Asile wala kunywa hadi daktari aseme, maana huenda akarudi chumba cha upasuaji.