Jeraha na uraibu vitibiwe pamoja

Swali la wiki lililoulizwa na jarida hili lilikuwa: mwanaume aliyeumizwa na maisha, kisha akaangukia katika uraibu, atibiwe lipi kwanza, uraibu au jeraha? Nimekuwa mnasihi wa wanaume wa namna hiyo kwa miaka 11, wengi wao wakiwa wametoka gerezani, wamekulia mitaani au wamekataliwa na ndugu zao, na ninajibu bila kusita kwamba vyote viwili vitibiwe kwa wakati mmoja, mahali pamoja, na ikiwezekana na mtu yule yule.

Nilipoanza kazi hii nilikuta kanuni nyingine. Mwanaume alitakiwa aache kutumia dawa za kulevya kwanza, akae miezi kadhaa akiwa safi, ndipo aruhusiwe kuzungumza na mtaalamu kuhusu yaliyompata. Hofu ya walioweka kanuni hiyo ilikuwa ya kweli: waliamini kwamba ukifukua kumbukumbu mapema, mtu atakimbilia dawa. Nami niliitii kwa muda mrefu, jambo ninalolijutia.

Arosto ya heroini, yaani mateso ya mwili unapoikosa dawa, pamoja na kutapika, kuhara na maumivu ya mifupa, kwa kawaida hupungua sana katika muda wa wiki moja hivi, na watu wa karibu hushusha pumzi wakidhani kazi imekwisha. Kwa mwanaume ambaye alikuwa akitumia ili apate usingizi usio na ndoto, hapo ndipo kazi inapoanza, kwa kuwa kile kilichokuwa kikizima kumbukumbu kimeondolewa na hakuna kilichowekwa mahali pake. Anaanza kuota upya kipigo cha baba, au usiku ule wa mahabusu, au maiti ya rafiki aliyelala naye chini ya paa moja. Wengi niliowapoteza waliondoka katika kipindi hicho, usiku, mwili ukiwa tayari umetulia, na kwenye majalada yao tuliandika kwamba hawakuwa na nia ya kupona. Sentensi hiyo haikuwa ya haki, kwani nia walikuwa nayo. Hawakuwa na mtu wa kukaa nao usiku ule.

Hofu ile ya zamani imekwisha kupimwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019 nchini Marekani, wanajeshi wastaafu 119, karibu wote wanaume, waliokuwa na kiwewe pamoja na uraibu wa pombe, waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilisaidiwa kukabili kumbukumbu zenyewe hatua kwa hatua, na jingine lilifundishwa stadi za kustahimili bila kuzigusa kumbukumbu hizo. Dalili za kiwewe zilipungua zaidi katika kundi la kwanza, na unywaji ulipungua katika makundi yote mawili kwa kiasi kinachokaribiana. Waliokabili kumbukumbu hawakurudi kwenye chupa kuliko wenzao.

Wapo watakaosema kwamba kila mtu ana machungu yake na si wote wanaotumia dawa. Ni kweli, lakini idadi ya majeraha ina uzito wake. Mwaka 1998, Vincent Felitti na Robert Anda, madaktari wa Marekani, walionyesha kwamba watu waliopitia aina 4 au zaidi za mateso utotoni walikuwa na hatari ya uraibu, sonona na kujaribu kujiua iliyokuwa kati ya mara 4 na 12 ya ile ya wasiopitia hata aina moja. Waliohojiwa walikuwa watu wenye bima ya afya, wengi wao wakiwa na elimu nzuri. Ikiwa mateso huwaangusha hivyo wenye mahali pa kushika, sioni tunashangaa nini tunapomwona aliyeanguka akiwa hana ndugu, kazi wala makazi, na ambaye kila ofisi aliyowahi kuingia ilimhoji kama mtuhumiwa.

Kwa sababu hiyo, tiba ya wanaume hawa huanza na mambo yanayoonekana madogo. Namwuliza angependa kukaa wapi, kwa kuwa aliyeishi gerezani huchagua kiti kinachoelekea mlangoni na huteseka akinyimwa. Simtaki asimulie habari zake upya kwa kila mfanyakazi anayeshika jalada lake. Huzuni yao mara nyingi huja ikiwa imevaa hasira, au ukimya mrefu, na anayezisoma hizo kama ukorofi atawafukuza walio wagonjwa zaidi. Wala anayetumia methadoni, dawa ya hospitali inayotolewa badala ya heroini, asinyimwe unasihi kwa madai kwamba bado hajaacha. Dozi ya kila siku ndiyo inayompa utulivu wa kutosha kuweza kuzungumza.

Linaloniumiza zaidi ni adhabu ya kumfukuza mtu katika tiba kwa kuwa amerudia kutumia mara moja. Utafiti uliofanywa katika jimbo la Washington na kuchapishwa mwaka 2007 ulikuta kwamba, katika wiki mbili za kwanza baada ya kuachiwa gerezani, hatari ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129 ya ile ya watu wengine. Sababu mojawapo ni kwamba mwili uliokaa bila dawa umesahau kipimo chake, na mtu anaporudi kwa kipimo cha zamani pumzi inakata. Mwili wa mwanaume aliyekaa nasi miezi mitatu bila kutumia uko katika hali hiyo hiyo. Tunapomfungia mlango jioni aliyoteleza, tunamrudisha mtaani akiwa na ndoto zake zote, katika siku ambazo dozi moja inatosha kumwua.