Wi-Fi imegoma, fundi anasema draiva imefungwa

SWALI: Shikamoo mama fundi. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha korosho huku Newala. Nimenunua laptopu ya mtumba, fundi mmoja kijana akaniwekea Debian 11, mfumo wa aina ya Linux. Kila kitu kinakwenda isipokuwa Wi-Fi. Wakati wa kuiweka iliandika kuna faili la fimwea halipo. Kijana anasema draiva imefungwa, nirudi Windows. Sasa, si niliambiwa mfumo huu ni huria? Kilichofungwa ni nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usirudi kokote, laptopu yako ni nzima.

Debian ni huria, ila kadi ya Wi-Fi iliyomo ndani ina mwenyewe. Draiva hukaa kwenye mfumo na kuiamrisha kadi. Fimwea huingia ndani ya kadi yenyewe na kufanya kazi humo. Watengenezaji wengi hutoa fimwea ikiwa namba tupu za mashine, na msimbo wake, yaani maandishi ya programu ambayo fundi angeweza kuyasoma na kuyarekebisha, wanabaki nao. Kwa sababu hiyo Debian ilikuwa haiweki fimwea hizo kwenye diski yake rasmi, mpaka wanachama wa Debian walipopiga kura mwaka 2022 kuziruhusu. Debian 12, iliyotoka Juni 2023, inakuja nazo.

Kwa hiyo njia fupi ni kuweka Debian 12. Ukitaka kubaki na 11, chomeka simu yako ya Android kwa waya wa USB, washa kugawa intaneti kwa USB, laptopu itapata mtandao papo hapo. Kisha fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika lspci -nn, utafute mstari wa kadi ya mtandao. Namba zake zinakuonyesha kampuni iliyoitengeneza: zinazoanza na 8086 ni Intel, 14e4 ni Broadcom, 168c ni Atheros. Ukishaijua kadi, ongeza non-free (sehemu ya programu zisizo huria) kwenye orodha ya hazina za programu, ushushe fimwea yake.

Sikukatazi kutumia fimwea hiyo iliyofungwa, wakulima wanasubiri hesabu zao. Lakini jambo hili linaniuma. Nvidia, kampuni ya kadi za picha, iliacha kuhudumia draiva yake ya 340 mwishoni mwa 2019. Kadi za picha zilizoitegemea nyingi zilikuwa bado nzima, lakini msimbo uko kwa kampuni, hivyo fundi wa nje hawezi kuitengeneza ipasavyo. Linganisha na ath9k, draiva ya kadi za zamani za Atheros kama AR9285: msimbo wote umo ndani ya Linux, haidai fimwea yoyote, na kadi hizo zinafanya kazi hadi leo kwenye matoleo mapya.

Kadi ya namna hiyo ndiyo ningekufungia. Ni skrubu moja au mbili na nyaya mbili za antena, mara nyingi nyeusi na nyeupe. Kagua vichwa vya nyaya hizo visiwe vimeliwa na kutu. Kabla hujanunua, uliza kama BIOS ya laptopu yako, programu ya kiwanda inayoiwasha, inapokea kadi ngeni, kwa kuwa baadhi hukataa kadi isiyo kwenye orodha ya kiwanda.