Shangazi Anajibu: Jiko Langu Lanifanya Mjinga

SWALI: Asalaam aleikum Shangazi. Mie niko Langoni, Lamu. Mume wangu kaninunulia jiko la gesi la bana nne, zuri lang'ara, lakini kila siku nawasha siyo. Sufuria ya wali iko nyuma, nafungua swichi, moto watoka mbele, juzi tambara la kuepulia likashika moto kabisa. Mavyaa acheka ati kichwa changu kimechoka. Mwanzo nlikuwa nacheka na mie lakini saa hii nikiingia tu jikoni naingiwa na unyonge. Nina shida gani?
Mama Wawili

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Huna shida, jiko ndio lina shida. Hebu liangalie vizuri, bana zimekaa mbili mbele mbili nyuma, swichi nazo zimepangwa mstari mmoja, sasa ile ya kwanza kushoto ni ya mbele ama ya nyuma? Hakuna kinachokwambia ila kale kapicha ka vidoti ambako mafuta yashakafuta zamani. Yani walazimishwa kukariri, na mtoto akilia huku samaki aungua nani akumbuke?

Tena si wewe peke yako. Mwaka 1959 huko Marekani watafiti Chapanis na Lindenbaum walilijaribu jambo hili hili, majiko ya bana nne yaliyopangwa namna mbalimbali, watu waambiwa washa hii, washa ile, na lile ambalo bana za nyuma zilisogezwa pembeni kidogo kila moja ikaelekea swichi yake halikukosewa hata mara moja. Hata moja! Miaka zaidi ya 60 imepita na madukani bado twauziwa yale ya mraba, mie hili hunipandisha hasira kweli.

Donald Norman, mwanasaikolojia Mmarekani aliyelisema sana jiko hili, anasema kitu kikitushinda sisi hujilaumu wenyewe kumbe kosa ni la aliyekibuni. Hapo ndipo unyonge wako unapotoka, si ule moto, ni kule kuambiwa mpishi mzima huna kichwa kila wakati wa chakula.

Dawa yake rangi ya kucha. Funga gesi mtungini, jiko lipoe, kisha tia doti nyekundu kwenye swichi na nyingine kwenye bati kando ya bana yake, mbali na moto, halafu rangi nyingine kwa swichi na bana nyingine. Ila kabla hujatia mwite mavyaa awashe ya nyuma kulia. Nataka kujua kama atacheka.

SWALI: Shangazi, mke wangu ananunua vikombe vya maua bei ghali, mie nasema chai ni chai. Nani yuko sawa?
Baba K, Malindi

JIBU: Mkeo, kwa sehemu kubwa. Mwaka 1995 watafiti Wajapani Kurosu na Kashimura waliwaonyesha watu mipangilio tofauti ya vitufe vya ATM, ile iliyopendeza macho watu wakaiona ndio rahisi pia kutumia. Mtafiti mwingine, Tractinsky, akairudia Israeli akitarajia watu wa huko watakuwa tofauti, kumbe ikatoka kwa nguvu zaidi! Lakini urembo una mwisho wake, kuna vikombe mkono wake hata kidole hakipiti na chai ya tangawizi imetoka motoni saa hiyo hiyo. Basi dukani mwambie atie vidole, akiinue. Kikishikika lipa, unyamaze.