Sato wamedumaa bwawani: shida sio chakula

Mkuu, umesema bwawa lina miezi sita, sato bado saizi ya kiganja, na kila ukivuta wavu unatoa vitoto ambavyo hukununua, sasa unauliza ubadili chakula. Hivyo vitoto ndo jibu lenyewe.

Samaki wote wa jamii ya Oreochromis, yaani sato, perege, ngege, tabia yao moja. Wakibanwa bwawani wanawahi kukomaa, jike wa miezi mitatu minne anataga wakati ziwani angekuwa bado anakua. Dume anachimba kishimo, jike anataga, halafu anayabugia mayai na kuyaatamia mdomoni, muda huo wote hali kitu cha maana, akishawaachia watoto haupiti muda ana mzigo mwingine. Atakua saa ngapi? Na pumba unayomwaga wanagombania na wanawe.

Mimi nafuga madume tu. Wakifika kama gramu 30 mgeuze tumbo juu, nyuma ya tundu la haja kuna kichuchu, dume ana kitundu kimoja pale nchani, jike ana kitundu cha mkojo na kampasuko kamekatiza katikati. Kama hukaoni paka wino kidogo ufute, rangi inabaki kwenye mpasuko. Kazi inachosha macho balaa, na wakikupita majike wachache tu vitoto vinarudi, ndo maana wengi wananunua vifaranga waliolishwa homoni ya kuwafanya madume wiki 3 hadi 4 za mwanzo. Sio mbaya, ila fungua macho, mimi nilishauziwa "madume tupu" nikakuta majike kibao.

Halafu kuna hili watu hawalijui, perege wetu wa mto Wami (kitaalamu hornorum), dume lake ukilipandisha kwa jike la perege wa Msumbiji (mossambicus) wanazaliwa madume watupu, mtafiti wa samaki Hickling aliliandika mwaka 1960 kutoka Malacca huko Malaya (leo Malaysia), na mbegu ya hao hornorum ilitoka Zanzibar! Ila kama uko karibu na mto achana na machotara kabisa, wakitoroka wanaharibu mbegu ya asili, na ngege wa Ziwa Victoria tushawamaliza tayari kwa kupandikiza sangara na sato.

Kwa bwawa lako, toa maji yote, chagua madume, majike peleka jikoni. Vidimbwi vinavyobaki kwenye tope mwagia chokaa maana vitoto vinajificha humo humo, subiri ndo ujaze upya. Ukirudisha madume ongeza kambale wachache, wawe wadogo kuliko sato, watakulia vitoto vitakavyoponyoka.