Maswali ya Wasomaji: Tutachoraje Matumaini ya Mtaa Wetu?

Swali: Ndugu Mhariri, sisi ni kikundi cha vijana wachoraji wa Mabatini, jijini Mbeya. Tumeruhusiwa kuchora ukuta wa ghala lililo kando ya njia, nasi tungependa uonyeshe matumaini ya wakazi. Tulipowauliza wanataka nini, karibu wote walijibu "maendeleo". Tutachoraje jambo hilo? *Msomaji, Mbeya.*

Jibu: Ndugu zangu, wakazi hawakuwanyima jibu, bali swali lenu lilikuwa pana mno. Mwaka 2010, huko New Orleans nchini Marekani, ambako majengo mengi yalikuwa yametelekezwa tangu kimbunga Katrina cha mwaka 2005, msanii Candy Chang alibandika kwenye majengo hayo vibandiko vyenye maneno yenye maana ya "Natamani hapa pangekuwa", vikiwa na nafasi ya wapita njia kuandika wanachokitaka. Swali lile lilimkabili mtu akiwa mbele ya mahali anapopaona kwa macho yake.

Nanyi waulizeni watu papo hapo: bombani, kijiweni kwa bodaboda, penye mtaro. Mama anayechoma mahindi kando ya mtaro huenda akawaambia kwamba anataka kivuko ambacho mwanafunzi atakipita wakati wa masika bila kuvua viatu. Hicho kinachoreka: zege, vyuma vya kushikia, viatu vyeusi vilivyo vikavu, na maji ya tope yakipita chini. Nawasihi sana msichore maghorofa ya vioo ambayo hakuna mkazi aliyeyataja, kwani hayo ni matumaini ya kalenda za ukutani, si ya Mabatini. Andikeni maneno ya kila mtu kama alivyoyasema, kisha mchoro wa penseli upelekeni kwenye mkutano wa mtaa, mbele ya mwenyekiti, ili wenyewe waseme ni nini kimekosewa kabla rangi haijanunuliwa.

Ruhusa ya mwenye ghala iwe ya maandishi. Choreni kiangazi, na kwa kuwa asubuhi za Juni na Julai huko kwenu ni za baridi kali, subirini jua liukaushe ukuta kwanza. Tumieni rangi ya maji ya kuta za nje, kwa sababu rangi ya mafuta ikipakwa juu ya plasta yenye unyevu hufura malengelenge na kubanduka.